Mwenzetu anaumwa kazini: tuulize njia, tusiulize jina la maradhi

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalotokea kila wiki maofisini, madukani, mahotelini na kwenye madago (kambi za wachumaji) ya karafuu, na ambalo aghlabu hutatuliwa vibaya. Mtu anakuja kazini anakohoa, au macho yamemwiva, au anakwenda chooni kila nusu saa, na waliokaa naye hawajui la kufanya. Wapo wanaonyamaza mpaka nusu ya ofisi imelala. Wapo wanaokwenda mbio kumtenga kikombe, kumpisha ukumbini na kumpa jina la maradhi kwenye kundi la WhatsApp kabla hajapimwa. Wote wameshika swali lisilo lao. "Anaumwa nini?" ni swali la daktari. La kazini ni jengine: hicho alichonacho, ikiwa kinaambukiza, kinaweza kutoka kwake kuja kwetu kwa njia ipi, na njia hiyo tunaizibaje leo hii?

Njia zenyewe si nyingi. Kuna pumzi. Kuna mkono na kitambaa. Kuna kinywa, yaani uchafu wa choo unaorudi kinywani kwa maji, chakula au vidole. Na kuna ngozi kwa ngozi. Damu ipo pia, lakini kazi za kawaida haziifikii, tutaigusa kidogo tu.

Tuanze na pumzi. Kikohozi cha siku mbili tatu chenye mafua, koo linalowasha na homa kidogo kwa kawaida ni virusi. Mtu huanza kuambukiza karibu siku moja kabla ya kujihisi vibaya, na huambukiza zaidi siku tatu nne za mwanzo. Kipimo cha kurudi kazini ni homa: iwe imeondoka saa 24 bila ya kumeza kitu cha kuishusha. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Anameza panadol mbili saa moja asubuhi, anaingia kazini kama mzima, na kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi saa nne hadi sita, ikifika saa sita mchana anatetemeka mezani, na keshaongea na wateja asubuhi nzima.

Kikohozi kikitimiza wiki mbili, kanuni hubadilika. Hakuna tena cha kubahatisha wala kuongeza chupa nyengine ya dawa ya kifua, apimwe makohozi. Na kama pamoja na kikohozi anatoka jasho usiku mpaka shuka linarowa, anakonda, homa inampanda jioni, au makohozi yana damu, asingoje wiki hizo zitimie. Hatusemi kila anayekohoa muda mrefu ana kifua kikuu. Pumu hukohoza, vumbi hukohoza, sigara hukohoza, tindikali ya tumbo inayopanda kooni usiku hukohoza, na vidonge vya shinikizo la damu vya jamii ya captopril na enalapril huwapa baadhi ya wanaovitumia kikohozi kikavu ambacho hakisikii dawa yoyote mpaka daktari abadilishe vidonge. Ndiyo maana tukasema kutaja maradhi si kazi ya wenzake. Yao ni kuhesabu wiki.

Kupimwa kwenyewe ni kwepesi na hakulipiwi. Mtu husukutua kwa maji, huvuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha hukohoa kutoka kifuani na kutema ndani ya kikopo, nje penye upepo, mbali na watu. Si chooni wala chumbani. Wengi hupeleka mate badala ya makohozi, kipimo hakioni kitu, na mgonjwa anarudi ofisini na karatasi inayomdanganya yeye na wenzake. Makohozi ya alfajiri, mara tu mtu anapoamka, ndiyo bora. Mashine za kisasa za vinasaba hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, tena hueleza kama vijidudu ni sugu kwa rifampicin, dawa kuu ya kifua kikuu; kinachochelewesha ni safari ya sampuli na foleni.

Kosa linalotangulia hayo yote hufanyika duka la dawa. Mtu anauziwa antibayotiki ya siku tano, na zile za jamii ya ciprofloxacin na levofloxacin huvidhoofisha vijidudu vya kifua kikuu bila ya kuvimaliza. Anapata nafuu, kipimo kinaweza kuvikosa, mwezi unaofuata kikohozi kinarudi, na muda wote huo amekaa chumba kimoja na watu wale wale.

Akithibitika na kuanza dozi, na ikiwa si kifua kikuu sugu, uwezo wa kuambukiza hushuka haraka. Mara nyingi baada ya wiki mbili hivi za dawa zilizomezwa sawasawa daktari humruhusu kurudi kazini. Dozi yenyewe ni ya miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Kwa hiyo miezi mitano na zaidi atakuwa anafanya kazi nanyi huku anameza dawa, na huyo anayemeza ni salama kuliko yule wa meza ya pili anayekohoa na hajapimwa. Mkojo wake utageuka rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampicin, si damu. Ramadhani ikiingia, apange na muuguzi wake saa ya kumeza, baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, wala asiikatishe. Wanaopaswa kwenda kuchunguzwa ni waliokaa naye chumba kimoja saa nyingi kwa wiki au miezi, si aliyepita kutoa salamu. Na nyumbani kwake watoto wa chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU watangulie. Sahani, kikombe, kiti na zulia haviambukizi kifua kikuu. Hakuna cha kuchoma moto.

Kinachoambukiza ni hewa iliyosimama, na hapa Zanzibar tumejitafutia wenyewe. Majengo ya Mji Mkongwe yana madirisha marefu yanayoelekeana, yaliyowekwa kupitisha upepo wa bahari. Tukaja tukatia kiyoyozi, tukapigilia mbao madirisha ya upande mmoja, na watu wanane wanapumua hewa moja kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Kiyoyozi cha ukutani huvuta hewa ya chumba, huipoza na kuirudisha ile ile, hakiingizi mpya. Feni ya darini nayo hukoroga tu. Fungua dirisha na mlango unaoelekeana nalo. Penye dirisha moja tu, simamisha feni karibu yake ikipuliza kuelekea nje, mlango uwe wazi, nayo itavuta hewa mpya kutoka upande wa pili. Ukitaka kuhakikisha, washa kijiti cha udi katikati ya chumba utizame moshi: ukitoka kwa mwendo, sawa; ukining'inia juu ya vichwa vya watu, na kikohozi kitaning'inia hapo hapo. Anayekohoa akae upande moshi unakotokea nje, wengine upande hewa inakoingilia. Na jambo hili lisiamuliwe mara moja kwa mwaka mzima. Dirisha linaloingiza upepo wakati wa kusi linaweza kuwa ndilo linalotoa hewa kaskazi ikivuma, na mtu aliyewekwa vizuri mwezi wa Julai akawa anawapulizia wenzake mwezi wa Januari. Barakoa avae anayekohoa kwanza, maana inazuia matone yanapotoka. Kwa wengine huongeza kinga kiasi, lakini haichukui nafasi ya dirisha.

Sasa jikoni, na hapa hatuna maneno laini. Mpishi, muuza juisi, mkata matunda, mhudumu wa meza, muosha vyombo: akiharisha au kutapika atoke jikoni saa hiyo hiyo, na asirudi mpaka zipite saa 48 tangu choo laini cha mwisho au tapishi la mwisho. Hazihesabiwi tangu alipojihisi nafuu. Mahotelini tunakutana na mtindo wa kumhamishia mtu huyo kwenye saladi na matunda "apumzike na moto wa jiko", na huko ndiko anakoambukiza wengi zaidi, kwa sababu wali uliochemka huua vijidudu na kachumbari haiui kitu. Akiwa na manjano machoni, akae mbali na chakula angalau siku 7 tangu manjano yaonekane, na arudi na karatasi ya daktari. Homa ya matumbo inataka subira zaidi: aliyepona anaweza kuendelea kutoa vijidudu chooni kwa wiki kadhaa, na wachache kwa miaka, kwa hiyo arudi jikoni baada ya choo chake kupimwa, si baada ya homa kushuka. Cheti cha kupimwa afya kilichotundikwa ukutani kinaeleza hali ya siku aliyopimwa. Hakisemi lolote juu ya tumbo lake la leo.

Choo kikiwa maji matupu mfano wa maji yaliyooshewa mchele, tena kingi, pengine na matapishi, hesabu kuwa ni kipindupindu mpaka ithibitike vyengine. Visiwa vyetu vinakijua. Mripuko wa 2015 na 2016 ulitusumbua Unguja na Pemba, na upo mpango wa miaka 10, kutoka 2018 hadi 2027, wa kukitokomeza. Mtu mzima anaweza kupoteza lita kadhaa za maji kwa saa chache, kwa hiyo mpe maji ya chumvichumvi hapo hapo mnaposubiri gari: pakiti moja ya ORS kwenye lita moja kamili ya maji salama, itumike ndani ya saa 24. Wanaotia pakiti kwenye chupa ya nusu lita ili "iwe kali" humuongezea chumvi nyingi na kumzidishia hatari. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya bapa, si vya kilima. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha mpe tena kwa kijiko, kidogo kidogo. Aliyefunga afungue. Kituo cha afya kiarifiwe kwa simu kabla hajafika, na waliokula au kunywa naye wajitizame kwa siku 5, maana maradhi haya hujitokeza baina ya saa chache na siku 5.

Nyuma yake pabaki mtu mmoja wa kusafisha, si watu watano na ndoo moja. Klorini ya maji inayouzwa madukani mara nyingi huwa na nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo. Kikombe kimoja cha hiyo na vikombe 6 vya maji vinakupa asilimia 0.5, ambayo ni ya matapishi, choo na sakafu. Kikombe kimoja cha mchanganyiko huo na vikombe 9 vya maji vinakupa asilimia 0.05, ambayo inatosha kuoshea mikono. Vaa glavu, funika uchafu kwa vitambaa vikuukuu au karatasi, mwagia ile kali, ngoja dakika 10, zoa utie kwenye mfuko ufungwe, kisha osha kwa sabuni na umalizie tena kwa klorini. Watu hukosea kwa kuanza na klorini na kumaliza hapo hapo. Klorini huishia kwenye uchafu na vijidudu vya chini vinabaki. Kosa jengine ni kuchanganya ndoo ya wiki nzima na kuiacha uani juani. Jua na joto huiua klorini, ichanganywe kila siku na iwekwe kivulini katika chombo kilichofunikwa. Na isichanganywe kabisa na siki wala dawa kali za tindikali za kusafishia vyoo; hutoa gesi inayobana pumzi, na chooni kusiko na dirisha hiyo ni ajali kamili.

Vile vichupa vya dawa ya mikono vyenye spiriti, vilivyojaa mapokezi tangu wakati wa korona, si badala ya maji na sabuni jikoni. Havifanyi kazi vizuri mkono ukiwa na mafuta au uchafu, na baadhi ya virusi vya kutapisha na kuharisha havivijali sana. Ndoo yenye koki, sabuni, sekunde 20 kwa uchache, kucha zikiwamo, na kujipangusia karatasi au taulo la mtu mmoja.

Neno moja juu ya kahawa. Muuza kahawa anayepita ofisini na vikombe vyake vidogo hatumkatazi, Mungu amzidishie. Lakini vikombe 12 vikisuuzwa ndani ya ndoo moja ya maji yale yale asubuhi nzima, midomo ya mtaa mzima imekutana humo. Awe na ndoo mbili, ya kwanza ya sabuni, ya pili ya maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara, au kila mtu wa ofisi aweke kikombe chake. Bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya ugonjwa.

Macho mekundu ni njia ya mkono na kitambaa. Hayaruki kwa kutazamana, licha ya wanavyoamini wengi. Mwanzoni mwa 2024, yalipoenea nchini, watu walivaa miwani myeusi huku wakiendelea kupeana simu na kalamu. Yakitokana na virusi hayahitaji antibayotiki, hupona wenyewe kwa wiki moja hadi mbili, na huambukiza kadiri yanavyoendelea kutoa machozi na tongo. Mwenye nayo anayekaa kwenye meza yake mwenyewe, na simu yake mwenyewe, na anayenawa mikono, anaweza hata kuendelea na kazi kama hana homa. Lakini mpaka piko na hina, msusi, mkanda mwili, fundi anayepima nguo na mwalimu wa watoto wadogo wapumzike. Dawa ya macho haigawiwi kwa watu wawili. Chai ya rangi, maziwa ya mama na mkojo havitiwi jichoni, wala zile dawa zenye steroidi zinazouzwa bila cheti. Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga au likipungua kuona, ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Kwenye chumba cha kusalia kazini tizameni vitu viwili: taulo la kujifutia baada ya udhu na zile juba na shungi za kusalia wanazoachiana wanawake. Macho na upele hupita hapo kimya kimya. Kila mmoja aje na vyake.

Ngozini hatutakaa sana. Tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele, na humalizika vyote vinapokauka na kufanya magamba, aghlabu siku 5 hadi 7. Mjamzito aliyekaa naye na ambaye hakuwahi kuugua aende kliniki siku hiyo hiyo asingoje vipele vitokee. Surua huambukiza mpaka siku 4 baada ya vipele kutokea, na hewa ya chumba inaweza kubaki nayo kwa saa mbili. Matumbwitumbwi, siku 5 tangu shavu livimbe. Mwenye upele wa kuwasha usiku baina ya vidole anaweza kurudi siku ya pili baada ya kupakwa dawa, mradi na wa nyumbani kwake wapakwe siku moja naye na nguo zifuliwe, la sivyo watarudishiana. Na tangu Machi 2025, nchi ilipothibitisha wagonjwa wa mpox, vipele vya maji au usaha vinavyoambatana na homa na mitoki havifai kutazamwa kwa simu na kutolewa hukumu na wenzake. Huyo asiguswe, apelekwe, na asirudi mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya iote.

Yapo ambayo hayamtoi mtu kazini hata kidogo, na bado watu hutolewa kwayo. Malaria na dengi huletwa na mbu, kichocho huletwa na maji yenye konokono, mbalanga na saratani haviambukizi. VVU na homa ya ini aina ya B vinataka damu au majimaji ya mwili. Kula sahani moja, kupeana mkono na kutumia choo kimoja hakuvihamishi, na kinachotakiwa kazini ni kisanduku cha huduma ya kwanza chenye glavu kwa ajili ya anayejikata, awe nani. Kifafa hakipiti kwa povu. Mwenzenu akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kijiko mdomoni, angalieni saa. Ikipita dakika 5 hajatulia, tafuteni gari.

Tuje kwenye sehemu ngumu, ambayo ni kumwambia. Aseme mtu mmoja, faraghani, tena mapema, asubuhi kabla kazi haijapamba moto. Mwanamke aambiwe na mwanamke, na mkubwa kwa umri aambiwe na wa rika lake, si kijana aliyeajiriwa juzi. Asiulizwe anaumwa nini. Maneno yanaweza kuwa kama haya: "Kaka, nakuona unakohoa tangu mwezi uliopita na leo umeshika meza. La maradhi ni lako na daktari wako, mimi sikuulizi. Naomba uende kituoni leo, zamu yako nimeshampa mtu, na siku yako imehesabiwa." Kila kipande kina kazi yake. Ameambiwa kilichoonekana, si kilichodhaniwa. Amehifadhiwa siri. Ameondolewa hofu ya kazi na ya ujira. Kikikosekana hicho cha mwisho, atajibu "ni mafua tu" na kuanza kwenda kukoholea ngazini.

Mkubwa wa kazi anayetaka kuona jina la maradhi kwenye cheti anajiharibia mwenyewe. Anachohitaji kujua ni siku ngapi mtu atakuwa nje na kama kuna kazi asiyoweza kuifanya akirudi. Ikilazimika wenzake wachunguzwe, wahudumu wa afya ndio watakaowaita, nao wana namna ya kufanya hivyo bila ya kumtaja aliyeanza. Na anayekohoa akiwa ndiye mkurugenzi, jambo linalotokea zaidi kuliko linavyosemwa, asibebeshwe karani kulisema. Alipeleke afisa utumishi au naibu wake, kwa maneno yale yale.

Wapo watakaosema hakuna kuambukizana, yote ni kudra. Kudra hatuipingi, lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo alikataza wanyama wagonjwa kupelekwa kunywesheka pamoja na wazima, na akaamrisha watu wasiingie mji wenye tauni wala wasiukimbie. Dua na dirisha wazi havigombani.

Pia ile desturi yetu njema ya kwenda kumkagua mgonjwa: ofisi nzima inapakiwa kwenye daladala, watu 15 wanaingia chumba kimoja na kukaa kitandani. Kwa kikohozi ambacho hakijapimwa, mafua makali au kuharisha, waende wawili, wakae barazani, wasile wala wasinywe hapo kama ni tumbo, na mchango utumwe kwa simu. Ataona amekumbukwa, na nyumba yake itapumzika na kazi ya kuchemsha chai ya watu 15 huku mgonjwa anatapika.

Linalobaki ni ujira, na kwa maoni yetu ndilo linalowaleta wagonjwa wengi kazini kuliko ujinga wa maradhi. Aliyeajiriwa rasmi anayo likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari chini ya Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, na mwajiri anao wajibu wa usalama wa wote chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini namba 8 ya 2005. Kibarua wa hoteli, mpagazi wa bandarini Malindi, kijana wa jikoni anayelipwa kwa siku, hao hawana cheti wala siku. Mwenye hoteli anayemkata kijana ujira wa siku mbili alizokaa nyumbani anaharisha, safari nyengine kijana atakuja kuharishia jikoni, na mwenye hoteli amejinunulia chumba kizima cha wageni wenye kutapika. Alipe siku hizo mbili. Ni saa zile zile 48 tulizozitaja.

Huko Pemba, msimu wa karafuu, hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa pishi aliyochuma na watu hulala dagoni bega kwa bega. Choo cha dago kichimbwe angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Mtungi wa kunywea uwe na koki au kata moja ya mpini mrefu isiyoguswa na mdomo. Maji yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, au yatiwe kidonge cha klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti na kungojwa nusu saa. Anayekohoa alale karibu na mlango kwenye mkeka wake, na anayeharisha asipike wala asiteke maji ya wenzake. Mwenye shamba na wachumaji wapatane mbele ya sheha, kabla ya mkarafuu wa kwanza kuchumwa, kuwa atakayeugua atalipwa pishi ngapi kwa siku na kwa siku ngapi, iandikwe, na msimamizi wa dago awe na namba ya simu ya kituo cha afya cha karibu na pakiti 10 za ORS ndani ya mkoba wake.

Wasalaam,
Maafisa afya na wauguzi wastaafu, Unguja na Pemba